Kile kidude kikisoma sifuri, usikiamini upesi

Jumamosi moja kabla ya Ramadhani iliyopita, baada ya alasiri, nilisikia kelele nyumba ya tatu kutoka kwangu. Jirani alikuwa na harusi ya bintiye wiki iliyokuwa ikifuata, na shimo la choo limejaa. Lori la kunyonya haliingii uchochoro wetu, kwa hivyo alileta vijana watatu wapakue kwa ndoo. Nilipofika nilimkuta mmoja wao amelazwa mkekani, uso umekuwa rangi ya majivu, wenzake wanampepea na mama mmoja anamsomea. Alhamdulillahi alifumbua macho. Alilala hospitali siku mbili, akatoka mzima.

Kilichomuokoa ni kamba. Kuna mzee pale mtaani, baharia mstaafu, aliyeapa kwamba kijana hashuki mpaka afungwe kamba kifuani. Vijana walimcheka lakini wakamtii. Alipoanguka, mwenzake alitaka kuruka amfuate, mzee akamkamata shati. "Wataka kuwa wa pili? Vuta kamba!" Wakavuta.

Lakini jambo lililonifanya nishike kalamu leo si kamba. Ni kidude cha njano kilichokuwa kimelala pembeni ya shimo, bado kinawaka. Wale vijana si wajinga. Walikuwa wamekinunua kwa pesa zao kutoka kwa muuza vitu vilivyotumika, akawaambia kimetoka melini. Kipima gesi. Kabla ya kushuka walikifunga uzi wakakiteremsha, wakakitoa, wakasoma: oksijeni 20.8, kaboni monoksidi sifuri, haidrojeni salfaidi sifuri. Wakaona salama.

"Ami, kilisema sifuri," aliniambia yule mwenzake, na alikuwa karibu kulia. "Sisi tulipima."

Nilikiomba nikaondoka nacho. Mimi nina diploma ya mambo ya vyombo vya kupimia, na kabla ya kuanza kuandika safu hii nilifanya kazi miaka kadhaa katika karakana inayohudumia vifaa vya meli. Nina rafiki bado yuko kwenye kazi hiyo. Tukakipeleka kwake, tukakipulizia gesi ya majaribio ya haidrojeni salfaidi, sehemu 25 kwa milioni. Chombo kizima hapo chapaswa kupiga kelele na kutetemeka mkononi. Hiki kilitutazama tu. Sifuri. Tukakifungua, tukakuta kihisi cha gesi hiyo kina tarehe ya mwaka 2017, na miguu yake imeota ukungu mweupe kama chumvi. Kilikufa zamani. Vijana wale walishusha maiti shimoni ikawaambie kama kuna mauti.

Sasa nataka tuelewane kitu hiki ni nini, kwa sababu vimejaa mjini. Mafundi wetu huita sensa, na si ile ya kuhesabu watu. Kiswahili chake ni kihisi. Vya aina ninayoisema leo ni vile vya kielektrokemia, yaani vinavyotumia kemia kuzalisha umeme. Kwa umbo ni kijikopo cha plastiki, kikubwa kama kifuniko cha soda au kidogo zaidi, chenye tundu juu na miguu miwili au mitatu ya chuma chini.

Ukitaka kukifahamu, fikiria betri ambayo haina kazi mpaka gesi iingie. Juu pana utando mwembamba unaopitisha hewa lakini haupitishi maji. Chini yake kuna elektrodi, yaani tabaka la madini, mara nyingi platinamu. Ndani kuna maji ya kupitishia chaji, elektroliti, na katika vihisi vingi vya kaboni monoksidi na haidrojeni salfaidi maji hayo ni asidi ya salfuriki. Ndiyo, asidi ile ile ya betri ya gari. Gesi ikipita kwenye utando hukutana na elektrodi, huungua polepole bila moto, na kuungua huko hutoa umeme mdogo mno, sehemu za milioni za ampia. Gesi ikizidi, umeme nao unazidi. Chombo kinausoma umeme huo na kukuandikia namba.

Hapo ndipo hatari kubwa inapojificha. Hewa ikiwa safi, kihisi hakitoi umeme wowote, na chombo kinasoma sifuri. Kihisi kikifa, nacho hakitoi umeme, na chombo kinasoma sifuri vile vile. Kwa macho huwezi kuvitenganisha.

Cha oksijeni ni kinyume chake, na ndiyo maana kile cha vijana kiliwadanganya vizuri. Hewa tunayovuta ina oksijeni asilimia 20.9 wakati wote, kwa hivyo kihisi chake hufanya kazi usiku na mchana. Kikianza kufa namba hushuka, na ikifika 19.5 vyombo vingi hupiga kelele. Kinakufa kwa kupiga mayowe. Nadhani mwenye chombo kile wa kwanza alichoshwa na kelele, akabadilisha cha oksijeni, akaviacha vya gesi zenye sumu kwa kuwa vilikuwa "havisumbui".

Na mtu asikwambie kwamba oksijeni ikiwa sawa basi shimo liko sawa. Haidrojeni salfaidi, gesi ya mayai yaliyooza, ikifika sehemu 700 hadi 1,000 kwa milioni humwangusha mtu kwa pumzi moja au mbili. Sehemu 1,000 kwa milioni ni sehemu moja tu katika mia igawanywe mara kumi. Oksijeni itabaki pale pale kwenye 20.8 na mtu yuko chini. Tena usitegemee pua. Harufu yake huisikia mapema ikiwa kidogo sana, lakini ikifika kiasi cha sehemu 100 kwa milioni pua hulewa baada ya dakika chache, na mtu huona kama gesi imeondoka.

Kuna jambo jingine pale lililonisumbua. Hata kama kihisi kingekuwa hai, kupima mara moja kabla ya kushuka hakutoshi. Kinyesi kilichotulia huifungia gesi ndani yake. Ukianza kukoroga kwa ndoo na koleo, inafumuka. Kipima gesi huvaliwa kifuani na yule anayeshuka, kikae naye mpaka atoke. Hawa walikiacha juu.

Waingereza katika machimbo yao ya makaa walikuwa wakishuka na ndege aina ya kanari ndani ya tundu, na wakaendelea na mtindo huo mpaka ulipotangazwa kuachwa mwaka 1986, vipima vya elektroniki vikachukua nafasi. Wengi tunaisoma habari hiyo tukacheka. Mimi siicheki. Ndege akifa huanguka kutoka kwenye kijiti, kila mtu akamwona.

Kwa nini vitu hivi vipo kwa wingi Mombasa kuliko bara? Kwa sababu ya bandari. Tangu tarehe 1 Julai 2016 kanuni za kimataifa za usalama wa meli, SOLAS, zinataka meli ziwe na chombo cha kupima hewa kabla ya mtu kuingia sehemu zilizofungwa, kipime angalau oksijeni, gesi zinazowaka, haidrojeni salfaidi na kaboni monoksidi. Na kwa haki. Ndani ya ngama ya meli iliyobeba vyuma chakavu, kutu peke yake hula oksijeni. Makaa ya mawe nayo huila, na mbao pia. Mabaharia wamekufa kwa kushuka ngazi tu, bila moshi wala moto. Basi vyombo hivyo vikichakaa au meli ikivunjwa, baadhi huishia kwenye meza za wauzaji wetu, vimepigwa sabuni vikang'aa. Ganda la chombo laweza kukaa miaka kumi na tano. Roho yake, yaani kihisi, kwa kawaida ni miaka miwili au mitatu, ingawa kuna vya kaboni monoksidi vinavyotengenezwa kudumu zaidi. Muuzaji anakuuzia ganda.

Kwa hivyo ukinunua, fungua utazame tarehe ya kihisi chenyewe, si ya chombo. Kisha kipulizie gesi ya majaribio. Mafundi wana vijichupa vya gesi iliyopimwa, na jaribio lenyewe halichukui zaidi ya dakika moja mbili. Linatakiwa kufanywa kabla ya kazi ya kila siku, na si mara moja kwa mwaka. Usijaribu kwa kiberiti cha gesi, kama nilivyomwona bwana mmoja akimfanyia mteja. Gesi ya kiberiti haina habari na kihisi cha kaboni monoksidi, na haimaanishi kitu ikisomeka au isiposomeka. Wala usikiweke kwenye bomba la moshi wa pikipiki. Moshi ule una gesi nyingi kupita kiasi chake, na unaweza kukiharibu hapo hapo ulipokuwa ukitaka kukithibitisha.

Nije sasa kwenye hatari ya kihisi chenyewe mkononi, maana hii nimeionja.

Miaka yangu ya mwanzo kwenye karakana, siku ya Ijumaa, nilirudi kutoka msikitini nikiwa bado na kanzu. Kwenye meza kulikuwa na kihisi kilichokwisha muda wake. Udadisi wa ujana ukanishika. Nikakibana kwenye jiliwa nikikate kwa msumeno nione platinamu iko vipi, labda nitajirike. Kilipasuka kwa mlio mdogo tu, kama ganda la mbegu. Nikaona unyevu kidogo kwenye kidole na matone mawili matatu kwenye kanzu. Yalionekana kama maji. Nikajifuta nikaendelea. Usiku kidole kilikuwa kikiniwaka moto. Na kanzu ilipotoka kufuliwa ilikuwa na matundu tumboni kana kwamba imeliwa na panya. Marehemu mamangu aliniuliza ninafanya kazi gani hasa huko.

Platinamu niliyoitafuta ni vumbi jeusi lisilojaa ncha ya kisu. Nasema hivi kwa sababu najua kuna vijana wa vyuma chakavu wanaosikia neno platinamu na masikio yakasimama. Hakuna utajiri mle. Kuna asidi.

Asidi ikikugusa, dawa ni maji, tena mengi, tena upesi. Vua nguo iliyolowa, simama kwenye bomba, acha maji yapite. Usianze kupaka dawa ya meno, wala mafuta ya nazi, wala magadi juu ya ngozi. Ikiingia jichoni, fungua kope kwa vidole, mimina maji safi kwa dakika 15 bila kukoma, kisha hospitali, hata kama maumivu yamepoa. Magadi soda yana kazi yake, lakini ni kwenye meza au sakafu: nyunyiza juu ya tone la asidi mpaka liache kutoa povu, kisha futa kwa kitambaa chenye maji ukiwa umevaa glavu za mpira.

Kihisi cha oksijeni cha aina ya zamani, ambacho bado ndicho kilichoenea, kina tatizo la namna nyingine. Ndani yake mna risasi. Sisemi risasi ya bunduki, nasema madini, ile ile ya betri za gari na ya kulehemu. Risasi hiyo ndiyo inayoliwa kidogo kidogo na oksijeni ili umeme upatikane, na ikimalizika kihisi kimekwisha. Maji yake mara nyingi si asidi bali ni haidroksaidi ya potasiamu, kitu kikali kama maji ya magadi lakini mara nyingi zaidi. Yakikugusa huhisi utelezi wa sabuni kwanza. Utelezi huo ni ngozi yako inayeyuka. Watu huogopa asidi kwa sababu huchoma mara moja, na hiki hukidharau kwa kuwa kinaanza taratibu. Dawa yake ni maji vile vile, na muda mrefu zaidi.

Na sisi wa Mombasa risasi hatuhitaji kufundishwa. Watu wa Owino Uhuru, upande wa Mikindani, walikaa jirani na kiwanda kilichokuwa kikiyeyusha betri kuukuu, watoto wakaugua. Bi Phyllis Omido, aliyekuwa ameajiriwa pale, aliibeba kesi yao mpaka akapewa tuzo ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama ya mazingira ya hapa Mombasa ikaamua walipwe shilingi bilioni 1.3. Kesi ikaendelea kupanda mahakama za juu. Najua kihisi kimoja si kiwanda. Ndani yake mna gramu chache tu. Lakini mtoto anayechezea kijikopo kilichopasuka kisha akatia vidole kinywani hahitaji kiwanda, na risasi ikiingia katika mwili wa mtoto huenda kwenye ubongo wake. Kwa hivyo vihisi hivi havichomwi jaani, havipondwi kwa nyundo, na havitupwi mahali mbuzi na watoto wanapita. Siku hizi kuna vya oksijeni visivyo na risasi, vinadumu zaidi na bei yake ni kubwa kidogo. Mwenye uwezo anunue hivyo.

Swali ninaloulizwa na mafundi: mbona vinavuja vyenyewe, na hakuna aliyevigusa? Jibu ni hali ya hewa yetu. Asidi ya salfuriki hupenda maji kupita kiasi. Ikikaa mahali penye unyevunyevu huyavuta kutoka hewani kupitia ule utando. Kihisi kikikaa wiki nyingi kwenye unyevu wa zaidi ya asilimia 90, maji ndani huongezeka mpaka hayana pa kukaa, nayo hutafuta njia ya kutoka, kwa kawaida kwenye mshono au kwenye miguu. Ule ukungu mweupe niliouona kwenye chombo cha vijana ndio huo. Asidi ikitoka inaendelea na safari, inakula nyaya na ubao wa saketi. Upande wa pili, ukikiacha kwenye dashibodi ya gari juani au karibu na mdomo wa eyakondisheni, maji hukauka na kihisi kinakuwa kiziwi. Nyumba zetu za Mji wa Kale zenye kuta nene za mawe zilikuwa mahali pazuri pa kuhifadhia vitu kama hivi, kwa ubaridi wake, lau si unyevu. Kiweke mahali pa baridi na pakavu, ndani ya pakiti ya kiwandani, wala usinunue vingi ukaweka akiba. Cha oksijeni hasa kinaendelea kuzeeka hata kabatini, kwa sababu hewa imo kabatini.

Fundi anayekibadilisha ana mitihani yake midogo midogo. Usilehemu miguu ya kihisi moja kwa moja, maana joto huyeyusha plastiki na kufungua mshono. Kuna soketi zake. Usikipime kwa mita ukiwa umeiweka kwenye omu, kwa sababu mita hupeleka umeme wake ndani na kukivuruga. Vingi vya kaboni monoksidi huja na kispringi kidogo kinachounganisha miguu. Kiache mpaka dakika ya kukiweka, kisha ukitoe. Nimeona chombo kilichorudishwa mara tatu kwa mwenyewe, kila mara kikisoma sifuri tuli, kumbe fundi hakutoa kispringi. Ukishakiweka, kipe saa kadhaa kitulie kabla ya kukipima usawa wake. Na usifungue chombo wala kubadilisha betri ukiwa karibu na tanki la mafuta au shimo lenye gesi. Ganda lile limetengenezwa lisitoe cheche likiwa limefungwa.

Spiriti nayo ni adui. Tangu korona tumezoea kupangusa kila kitu kwa dawa ya mikono. Mvuke wa spiriti husomwa na vihisi vingi vya kaboni monoksidi kana kwamba ni gesi, na ukizidi hujaza kichujio kilichomo. Kitambaa chenye maji kidogo chatosha.

Nimeelezea sana vyombo vya kazi. Vya nyumbani vipo pia. Ndugu zetu walioko Uingereza wakija likizo huwaletea wazazi king'ora cha kaboni monoksidi, kile cheupe cha mviringo, na ni zawadi njema. Tunapika kwa makaa, tunachoma mishikaki barazani na mvua ikija jiko linaingizwa ndani, kuna wanaolala na jiko chumbani msimu wa kusi. Gesi ile haina harufu wala rangi. Ila nimeviona vimetundikwa ukutani miaka kumi na miwili. Geuza nyuma: kuna tarehe ya mwisho, kwa kawaida miaka saba au kumi tangu kutengenezwa. Kile kitufe cha kujaribu, unachobonyeza kikalia, kinajaribu betri na sauti tu. Hakikiulizi kihisi kama kingali hai. Wala usishangae kikikaa kimya kwa muda jiko likiwa linatoka moshi. Kwa kanuni ya Ulaya, gesi ikiwa sehemu 50 kwa milioni king'ora hulia baada ya dakika 60 hadi 90. Ikiwa 100, kati ya dakika 10 na 40. Ikifika 300, ndani ya dakika tatu. Kinahesabu sumu inayoingia mwilini, si harufu ya jikoni.

Na kwa hisani yenu, king'ora hicho hakijui mtungi wa gesi. Mtungi ukivuja, chenyewe kitakaa kimya mpaka nyumba iruke. Gesi ya kupikia inahitaji kihisi cha namna nyingine kabisa, na huwekwa chini karibu na sakafu kwa kuwa gesi hiyo ni nzito kuliko hewa. Mama mmoja wa Kibokoni alinionyesha chake kwa fahari, amekitundika juu ya mtungi. Nilikaa dakika nzima nikitafuta namna ya kumwambia, naye ameshanimiminia kahawa.

Gharama najua ndiyo inayosumbua. Kihisi kipya cha haidrojeni salfaidi si bei ya vijana wa kupakua vyoo, wanaolipwa kwa ndoo. Sheria ya usalama kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwenye kazi ahakikishe usalama wa anaowaajiri, lakini jirani yangu hajioni kuwa mwajiri, anajiona mtu mwenye choo kilichojaa. Nilimwambia hivyo, hatukusalimiana siku nne. Tuliposalimiana alikuja na wazo lake mwenyewe: nyumba kumi na moja za uchochoro ule zichange, chombo kimoja kizima kiwe kwa imamu, kila anayepakua akichukue kwa kuandika jina, na rafiki yangu wa karakana akipulizie gesi kabla hakijatoka. Tumekusanya za kutosha kihisi cha kwanza. Mzee baharia ametoa kamba, ya nailoni, mita 15, na kijiti chenye mafundo cha kuonyesha namna ya kuifunga.

Kile cha zamani ninacho. Nimevitoa vihisi vyake vinne nikaviweka ndani ya chupa ya kioo ya achari yenye kifuniko cha plastiki, nimeandika juu "asidi na risasi, usifungue", iko juu ya kabati mahali wajukuu wa dada yangu hawafiki. Kuna wakusanyaji wa taka za umeme wenye leseni ya NEMA, na nimeshazungumza na mmoja. Anakuja upande huu akipata mzigo wa kutosha kujaza gari. Mwenye vingine, awe fundi au mwenye meza ya vitu vilivyotumika, aniletee baada ya sala ya magharibi, tuvipeleke pamoja.